Pini Tu

"Pini tu, mama," mteja alisema. "Na hizi pingili mbili zilizopinda. Kingine chochote msiguse."

Alikuwa mwanamume mkubwa wa mwili, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo inakata, na viatu ambavyo havikuzoea kukanyaga vumbi la uchochoro ule. Aliifungua leso juu ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na saa ya mkono ya chuma, ya aina ambayo mke wa fundi alikuwa ameiona kwenye mabango tu, imevaliwa na watu wanaotabasamu ndani ya ndege. Mkanda wake ulikuwa umebanwa na mlango wa gari. Pini moja ilikuwa imekatika, pingili mbili zimejikunja, na ncha ya mkanda ikining'inia kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

"Umenielewa, mama? Pini tu."

"Nimekuelewa, mzee. Ondoa shaka."

Na kweli alimwelewa. Hilo ndilo lililokuja kumnyima raha baadaye, kwamba alimwelewa vizuri kabisa, ila kwa namna yake. Yeye ndiye aliyepokea wateja katika kile kibanda kilichobanwa chini ya ngazi za jengo la maduka, ndiyo maana mumewe alimwita Bi Mapokezi. Miaka yote ya kukaa kwenye kaunta ilikuwa imemfundisha kwamba mteja anayesema msiguse kingine ni mteja anayeogopa kuongezewa bei. Hata matajiri. Matajiri hasa.

Nyuma ya pazia alikaa mumewe, fundi saa, ambaye jengo zima lilimwita Jicho Moja kwa sababu ya ile lenzi iliyokuwa haimtoki usoni. Alipoiona saa aliipokea kwa mikono miwili.

"Mama yangu," alisema polepole. "Hii imetoka wapi?"

"Imekuja na miguu yake. Pini imekatika, na pingili mbili zimepinda." Bi Mapokezi alisita kidogo. "Halafu mkanda wote upige polishi. Ung'ae mpaka ajione. Iwe zawadi yetu."

"Ameomba polishi?"

"Zawadi inaombwa? Mtu kama yule akifurahi atatuletea wenzake. Au unataka tuendelee kubadilisha betri mpaka tuzeeke?"

Fundi hakubisha. Kazi ilikuwa imenyauka. Siku hizi watu walitazama saa kwenye simu, na waliobaki walikuja na saa za plastiki ambazo kuzitengeneza kulikuwa ghali kuliko kununua nyingine. Mchana ule alifanya kazi ya kweli. Alichonga pini mpya, akazinyoosha zile pingili moja moja kwa nyundo ndogo ya mbao, akapiga mluzi. Kisha akawasha mashine ya polishi, na lile gurudumu la kitambaa likaanza kuvuma. Bi Mapokezi alikuwa hajamsikia mumewe akipiga mluzi kwa muda mrefu hata akasahau kwamba alikuwa anajua.

"Njoo uone," alimwita jioni. "Mgongoni mwa kifungio palikuwa na mikwaruzo mibaya sana, kama mtu amekwangua kwa msumari. Iko wapi sasa?"

Aliinama akatazama. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Aliona uso wake mwenyewe, mdogo, umepinda, ukicheka.

* * *

Kufikia siku ya kuichukua saa, walikuwa wameshajua kwamba mteja wao ni mhandisi. Mlinzi wa jengo ndiye aliyewaambia, kwa sauti ya mtu anayejifanya ndiye aliyemleta. Bi Mapokezi alifuta kaunta mara mbili na kuilaza saa juu ya kipande cha kitambaa cheusi.

Mhandisi aliiinua. Alikunja mkanda, akaukunjua, akasikiliza pingili zinavyoteleza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi," alisema. Kisha akaigeuza.

Kidole gumba chake kilipita juu ya kifungio. Kikarudi, kikapita tena. Akausogelea mlango penye mwanga, akaiinamisha saa huku na huku, kama mtu anayetafuta maandishi kwenye kioo. Bi Mapokezi alikuwa amekwisha kuandaa tabasamu la kupokea shukrani.

Mhandisi alikaa chini. Kiti cha wateja kilikuwa palepale ubavuni kwake lakini hakukiona. Alikaa sakafuni, na suruali yake ile, miguu imenyooshwa mbele kama ya mtoto. Saa aliishika mapajani.

"Mmemfuta," alisema.

Bi Mapokezi alidhani ulimi umemteleza. "Ndiyo, mzee, tumeifuta vizuri, tumeing'arisha yote. Hatukudai kitu kwa hilo, ni—"

"Mmemfuta," alirudia, na safari hii hakukuwa na namna ya kukosea. "Mwanangu."

Pazia lilifunguka, fundi akatokeza, lenzi ingali jichoni. Mhandisi ndiye aliyezungumza, akiiangalia ile saa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anaeleza njia ya kufika mahali.

"Alikuwa hajaanza hata shule. Nilisinzia kwenye kiti, akaja na msumari akaniandikia hapa. Wiki ileile homa ikamchukua. Picha zake ninazo nyingi. Picha tulimpiga sisi. Hiki alikifanya mwenyewe, kwa mkono wake."

Nje mtu alikuwa akibishana na muuza viatu kuhusu saizi. Mhandisi alinyanyuka kwa kushikilia kaunta, akaiweka saa juu ya kile kitambaa cheusi, akaisawazisha, akatoka bila kuivaa.

"Mzee," fundi aliita. "Mzee, saa yako."

Gari liliondoka. Fundi aliitoa lenzi jichoni, na jicho lile, lililozoea kujificha, likabaki limetoka, jekundu.

"Alipoileta," alimuuliza mkewe, "alisema nini?"

"Alisema pini na pingili."

"Hakusema tusiguse pengine?"

Bi Mapokezi alisikia neno likitoka kinywani mwake kabla hajalituma. "Hapana."

* * *

Unaiweka wapi saa kama ile, katika nyumba ambayo mlango wake unafungwa kwa waya? Fundi aliifunga kwenye soksi, akaizika ndani ya ndoo ya maharage. Kila mmoja alijua iko pale na hakuna aliyekuwa akiitazama ile ndoo.

Waliishi watatu, pamoja na mama yake fundi, ambaye masikio yalikuwa yamezeeka kabla ya ulimi. Kwa kawaida ndiye aliyeongea, na wao wakacheka. Sasa hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa akirudi mapema kutoka kibandani. Alisema mikono haimtii. Alikuwa amemkwaruzia mteja kioo kwa kubadilisha betri tu, kazi ambayo angeweza kuifanya amefumba macho. Chakula alikivurugavuruga, kisha akakisukuma upande wa mama yake.

"Mikono hii," alisema siku moja, akiitazama kama si yake, "imemuua mtoto wa watu mara ya pili."

Bi Mapokezi alikuwa akikoroga chai. Kijiko kilisimama.

"Kazi ni kazi, baba. Hukujua."

"Ningejuaje? Sikuuliza. Fundi mwenye akili angeuliza. Unafuta kitu cha mtu bila kuuliza kimeandikwa na nani?"

"Nani kaua?" mama yake aliuliza kutoka kitandani.

"Hakuna, mama."

"Basi mbona mnanong'ona kama wezi?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Bi Mapokezi aliiona, akaikaribia. Angeanzaje? Kwamba mteja alisema mara mbili? Kwamba yeye alimwona ni bahili, na shati lake lile la pasi? Alimmiminia mumewe chai, na mumewe akasema asante. Ile asante ilimchoma kuliko kofi.

Siku iliyofuata alijiambia atasema jioni. Jioni ilipofika, fundi alikuwa ameegemea ukuta macho yamefumba, naye akajiambia amwache apumzike. Alikuwa amegundua kitu kilichomshtua: kwamba mtu anaweza kumwona mume wake akizama, kamba ikiwa mkononi mwake, akaendelea kuishika tu.

Hali ile ilivunjwa na mama mkwe. Mzee yule aliamua kusaidia kazi, akachota maharage kwa bakuli, akaanza kuchambua. Walimsikia akilalamika peke yake kuhusu wauzaji wa siku hizi wasio na aibu. Walipogeuka alikuwa ameinua soksi, na ndani ya soksi mnametameta.

"Haya maharage," alisema, "mmenunua kwa nani?"

Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini. Fundi aliichukua saa kutoka mkononi mwa mama yake, akaifuta vumbi la maharage kwa upindo wa shati.

"Twende tukamrudishie," alisema. "Anifunge, anipige, lolote. Siwezi kulala na hiki kitu ndani."

* * *

Mlinzi wa geti la nyumba ya mhandisi, waliyoelekezwa na yule mlinzi wa jengo, aliwatazama kuanzia viatuni, na hakupanda juu zaidi ya magoti.

"Mna miadi?"

"Tumeleta saa ya mhandisi."

"Niachieni."

"Hii tunampa mwenyewe mkononi," fundi alisema.

Waliachwa wasimame juani mpaka mlinzi alipomaliza kunywa maji, akasema kwenye simu kwamba kuna watu wa saa. Walipitishiwa mlango wa jikoni. Waliambiwa wavue viatu, ingawa dada wa kazi aliyewaambia alikuwa amevaa vyake. Sebuleni, kabla hawajakaa, dada huyo alichukua gazeti akalitandika kwenye kochi, akalisawazisha kwa kiganja. Wakakaa juu ya gazeti. Kila Bi Mapokezi alipopumua lilitoa sauti.

Aliyekuja ni mke wa mhandisi, mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga juu ya gauni la ofisini, kama mtu aliyeacha kuvaa katikati. Fundi alimsalimu kwa heshima, akainuka nusu, akaikunjua leso aliyoifungia saa.

Mwanamke aliiona saa akasimama palepale alipo.

"Kumbe mnayo nyinyi. Nilidhani ameibiwa. Anakaa chumbani, haendi kazini, hasemi. Mimi nikafikiri ni saa tu inamfanya hivi, nikamkasirikia." Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Imekuwaje?"

Fundi alieleza. Alikuwa amejiandaa njiani, na bado maneno yalimtoka vipandevipande: mkanda uliobanwa, pini, mashine, kifungio. "Mtoto wenu alikuwa amechora pale, mama. Mimi nikaona ni mikwaruzo, nikafuta. Ni mkono wangu huu. Sina cha kulipa, kitu kama hicho hakilipiki. Nimekuja kuomba radhi tu." Aliinua uso. "Ila namwomba mzee ajue sikufanya kwa dharau. Hakutuambia. Angetuambia, wallahi nisingegusa."

"Alituambia," Bi Mapokezi alisema.

Gazeti lilitoa sauti. Fundi aligeuka.

"Aliniambia mimi. Pini tu, alisema. Kingine msiguse. Akarudia mara ya pili, nikamwambia ondoa shaka." Alikuwa akizungumza na mikono yake iliyo mapajani. "Mume wangu hakujua. Mimi ndiye niliyemwambia apige polishi. Nilitaka wateja."

Fundi alimtazama mkewe jinsi mtu anavyoitazama nyumba yake akiikuta imehamwa. Alitaka kusema, lakini aliyewahi ni mke wa mhandisi.

"Ngojeni," alisema polepole. "Ngojeni kwanza. Ile mikwaruzo, yeye alikuwa anaitunza?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Mimi sikujua." Alikaa kwenye ukingo wa meza. "Mimi nilidhani anaivaa ili nisisahau. Siku ile nilimkuta mtoto na msumari, nikaona saa ya baba yake imeharibika, nikamchapa. Vidole. Nilimchapa vidole, na wiki haikwisha. Tangu hapo kila mume wangu akinyoosha mkono mezani kuchukua chumvi, naiona. Nasema, sawa, anataka nisijifanye sina kosa. Hata mkono wake sikuwa naushika tena."

"Sikujua ulimchapa."

Mhandisi alikuwa mlangoni, fulana na suruali ya kulalia, ndevu zimeota. Ule mwili mkubwa ulionekana umeazimwa kutoka kwa mtu mwingine. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu saa ngapi.

"Hukuuliza," mkewe alisema.

"Hukusema."

Walitazamana, watu wawili waliokuwa wakila meza moja. Bi Mapokezi alitamani ardhi immeze na lile gazeti. Fundi alisimama, akaiweka saa mkononi mwa mhandisi, na mhandisi akaipokea bila kumtazama, akaigeuza tena upande wa kifungio kinachong'aa.

"Fundi. Wewe una ile lenzi. Kabla hujafuta, uliona nini? Mimi niliisoma hivyo hivyo kwa macho. Herufi zilikuwa zimekaa vibaya, lakini ilikuwa baba. Si ndiyo? Aliandika baba."

Kilikuwa kitu chepesi kumpa. Bi Mapokezi aliona mumewe ameliona lile neno likimsubiri. Moyoni alimsihi aseme. Ndiyo, mzee, ilikuwa baba. Nani angejua?

"Sijui, mzee," fundi alisema. "Niliona mikwaruzo. Sikuisoma. Nitakudanganya nikisema niliisoma."

Mhandisi alitikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayekubali bei asiyoiweza.

"Haikuwa baba," mkewe alisema.

"Ilikuwa baba."

"Mtoto hajui hata kuandika, ataandikaje baba? Nilimuuliza kabla sijamchapa. Nilimuuliza, hiki ni nini. Akasema mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi. Akanionyesha na pembe. Alikuwa na wasiwasi kwamba miguu imekosa nafasi."

Mhandisi alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa kicheko wala kilio, ni pumzi tu, ndefu, ya mtu aliyetua gunia. "Mbuzi," alisema. "Na mimi kila siku nasoma baba." Akauegemea ukuta, akateremka nao mpaka akakaa sakafuni, kama siku ile kibandani. "Pembe zilikuwa wapi?"

Mkewe alimsogelea, akapiga magoti. Akaushika ule mkono, pale ambapo saa ilikuwa imeacha ngozi iliyopauka, akaanza kuchora kwa ukucha. Ukucha uliacha mstari mweupe juu ya ngozi kavu. "Hapa moja. Hapa nyingine, hii ilikuwa ndefu. Kichwa hapa. Tumbo lilikuwa kubwa, likaja mpaka huku, ndiyo maana miguu ikakosa pa kukaa."

"Mingapi?"

"Mitatu. Wa nne alisema mbuzi ameukalia."

Hakuna aliyewaaga wageni. Walitafuta viatu vyao wenyewe jikoni, na walipokuwa wakivivaa bado sauti ya yule mwanamke ilikuwa ikisikika, na ya mwanamume ikiuliza kitu, na ya mwanamke ikijibu.

* * *

Fundi alitangulia. Hakuwa mtu wa hatua ndefu, lakini Bi Mapokezi alilazimika kukimbiakimbia. Walipita ukuta mrefu wa ile nyumba, wakapita mwingine, mpaka nyumba zenye kuta zikaisha.

"Baba," aliita. "Baba watoto."

Hawakuwa na watoto. Ni jina alilomwita tangu walipooana, wakati wakidhani ni suala la kusubiri, na likabaki.

Fundi alipunguza mwendo lakini hakugeuka. "Ulikuwa unaniona," alisema. "Nilikuwa nashindwa kula, na wewe unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Ukanimiminia chai."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi nimewahi kukufanya nini?"

Fundi hakuwahi kumfanya kitu. Hilo ndilo lililokuwa zito. Angekuwa mkali, angekuwa na pa kujificha. Alitaka kusema kwamba aliogopa lile jicho lake lingemtazama vingine, lakini maneno yalionekana madogo mbele ya siku zile zote, akayaacha.

"Sina la kujitetea," alisema mwishowe. "Nilidanganya, basi. Nilipoanza nikashindwa kuacha."

Walifika barabara kuu. Malori yalikuwa yakipita yakifuatana, vumbi likiinuka. Fundi alisimama ukingoni. Bi Mapokezi alikuwa bado nyuma, ukanda wa kiatu umefunguka, akiuburuza mguu. Malori yaliisha, njia ikawa nyeupe upande wote, na mtu mwingine aliyekuwa akisubiri akavuka akaenda zake.

Fundi hakuvuka. Alibaki palepale, mgongo wake kwa mkewe, akiitazama barabara isiyo na gari hata moja, mpaka alipousikia ule mguu unaoburuzwa umefika ubavuni kwake.